Siku Nilipotangaza Mshahara wa Robai

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka ibada ya kwanza ikaisha, kisha jua likatoka kama halijui lolote. Matope ya Gatwekera bado yako kwenye viatu vyangu hapa Kawangware, na sina haraka ya kuyatoa. Koo linawasha. Nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili na bado naongea kama redio iliyoishiwa betri.

Leo nimesimama mbele ya wazazi wote wa nasari, shule yetu ya watoto wadogo, nikataja mshahara wa rafiki yangu kwa sauti ya harambee.

Niandike sasa. Nikingoja kesho nitaanza kujipendelea.

Nasari ile Robai aliianzisha kule Gatwekera chini ya turubai, wakati mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kilichopakana na chake. Nilikuwa nimetoka Maragoli na mtoto mgongoni, kumfuata bwana aliyekuwa na sababu mpya kila wiki ya kutolala nyumbani. Robai alinisikia nikilia kupitia ukuta wa udongo. Asubuhi akaja, akanisalimu mirembe kwa lugha ya kwetu, akamchukua Imali wangu mkononi bila kuniuliza kitu, akaniambia niende nikatafute kazi. Nikaenda kupikia watu wa mjengo githeri, mahindi na maharagwe. Githeri hiyo ndiyo imenifikisha hapa, kwenye hoteli yangu ya meza nne, kwa ploti ya mzee ambaye hunipandishia kodi kila akinunua ng'ombe.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia simpendi Robai.

Nasari ilipokua, ikahama turubai ikaingia ukumbi wa mabati, wakaniweka kwenye kamati. Si kwa sababu ya masomo, niliishia darasa la saba. Ni kwa sababu ya sauti. Mimi ndiye hutangaza michango. Mtu akitoa, namtaja kwa jina na kiasi: Baba Odhiambo, shilingi tano, mpigieni! Na watu wanapiga makofi matatu ya pamoja, pa, pa, pa. Aliyetoa shilingi moja anapigiwa, aliyetoa mia anapigiwa, tofauti ni ukubwa wa kishindo. Hata yule ambaye hakupanga kutoa anajikuta mkono umeingia mfukoni, maana ni nani hataki kusikia jina lake likipigiwa makofi?

Pesa zikiingia, zinaingia hivyo. Zikitoka, zinatoka kama mgeni aliyeaga watu wawili tu.

Mimi sikuliona hilo. Nasema ukweli, mimi ninayejua debe moja la mahindi linatoa sahani ngapi, ninayejua mteja akila bila kulipa hata kama nimempa mgongo, sikuliona. Nilikuwa bize kutangaza.

Na nilikuwa na maneno yangu ya kuwasukuma watu, niliyatunga mwenyewe: Mwalimu Robai hapokei hata ndururu! Anawafundisha watoto wako kwa moyo! Sasa wewe umekaa hapo umekumbatia mfuko wako, unangoja nini?

Yalikuwa yanafanya kazi. Ningesema hivyo na noti zingetoka.

Basi wiki mbili zilizopita wakaja wageni wa kanisa la ng'ambo, wale wanaotusaidia. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe akasimama, pasta akitafsiri, akaishukuru kamati kwa kuutunza kwa uaminifu mshahara wa mwalimu mkuu tangu mwaka juzi. Mshahara. Nilimtazama Robai. Robai alitazama dari. Mzee Ombima, mwenyekiti wetu, alianza kupiga makofi haraka kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Baba Odhiambo, fundi viatu, alikuwa pale nyuma akigongea msumari benchi lililovunjika. Akaacha kugonga.

Jioni hiyo habari ilikuwa imefika mtaa wa pili, Sarang'ombe. Ilipotoka ukumbini ilikuwa mshahara tu, haina kiasi. Ilipofika kwenye mfereji wa maji ilikuwa elfu moja. Jumatano ilikuwa elfu mbili na Robai ana ploti Ngong. Mimi mwenyewe nilihudumia mteja hapa Kawangware akinieleza rangi ya geti la hiyo ploti.

Wazazi wakaanza kubaki na watoto nyumbani. Kila mtoto ni shilingi tano kwa mwezi, na hiyo tano ndiyo uji, ndiyo kuni, ndiyo kodi ya ukumbi. Watoto tisini, mia nne na hamsini, na kila senti ina mahali inakwenda. Ijumaa ile nilipopeleka chakula nilikuta nusu ya mabenchi hayana mtu. Mwenye ukumbi hasikilizi hadithi, mwisho wa mwezi ukifika anataka kodi yake ama funguo zake.

Mzee Ombima alikuwa na dawa. Aliita kamati, akafunga mlango, akasema tulimalize humu ndani: Mwalimu Robai apumzike kidogo, mambo yatulie. Wote tulijua kupumzika ni nini. Na akipumzika Robai, nasari imelala, kwa sababu simjui mtu mwingine anayeweza kunyamazisha watoto tisini kwa kuinua kidole kimoja.

Nilisema hapana. Nilisema litamalizwa nje, mbele ya wazazi, na kila shilingi itajwe. Mzee akaniambia, kwa upole wa mtu anayetaka kukufukuza, kwamba mambo ya mishahara ni mambo ya ofisi. Nikamuuliza ofisi iko wapi, maana tulikuwa tumekalia viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu.

Alhamisi nikamwendea Robai.

Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima kutoka Kawangware. Nilikuwa na haki nayo. Hasira yangu haikuwa kiasi, kiasi nilikuwa nimeshakijua kutoka kwa pasta: mia tatu na hamsini. Mtu anayelea watoto tisini kwa pesa hiyo, mimi kwa hesabu yangu anapunjwa. Hasira yangu ilikuwa mdomo wangu. Mara ngapi nimesema hata ndururu? Ni watu wangapi wametoa kwa sababu ya neno langu, watu wanaonijua, wanaokula kwangu?

Nilimkuta ameinama kwenye beseni, anaosha vikombe vya uji. Nikasahau yote niliyopanga.

"Robai, mdomo wangu ulikuwa unakufanyia kazi gani miaka hii yote?"

Aliosha vikombe vitatu ama vinne, akavipanga, ndipo akaanza. Kwanza alisema ni ndugu zake. Shem yuko Sarang'ombe, wengine wako nyumbani, na mshahara ukitajwa tu, wataanza kufika na karo na mabati na ng'ombe mgonjwa. Nikamwambia sasa hivi wanasikia elfu mbili, je hao watakuja wangapi? Akacheka bila kupenda, kisha kicheko kikamkatikia.

Halafu akaniambia jingine, na hili alilisema akiwa amenipa mgongo. Kwamba wazazi wakijua analipwa, watasema anawapenda watoto wao kwa sababu ya pesa.

Nikamwambia daktari wa zahanati analipwa, na sindano yake bado inaponya.

Alirudia kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa mpaka maji ya beseni yakapoa. Nilidhani ananifukuza. Kumbe anafikiri.

"Kama ni kutajwa, nitaje wewe," akasema. "Kwa sauti ile ile ya siku zote. Usinitaje kwa kunong'ona kama maiti."

Nililia njiani nikirudi. Sijui kwa nini, nilikuwa nimepata nilichotaka.

Leo sasa. Mvua ilipokatika walikuja wengi kuliko harambee yoyote, na hapakuwa na soda. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nje kwenye matope. Mzee Ombima alifungua kwa maombi marefu sana, akaombea serikali, akaombea mvua, akaombea mataifa, hadi Baba Odhiambo akasema amina kwa nguvu katikati na watu wote wakaitikia. Maombi yakaishia hapo.

Nikapanda kwenye benchi.

Niliamua nianze na vidogo, watu wapashe joto. Nikavuta pumzi, nikasema kama ninavyosema siku zote: "Unga wa uji kwa mwezi, shilingi mia moja hamsini!"

Pa, pa, pa.

Sikuwaambia wapige. Mikono yao ilijua sauti hiyo. Wakaangaliana, wakacheka wenyewe. Nikataja kuni, maji na chaki, shilingi tisini, wakapiga tena, sasa kwa utani. Nikataja kodi ya ukumbi, mia moja thelathini, na badala ya makofi wakanguruma, maana mwenye ukumbi wanamjua. Chakula cha Ijumaa, themanini, wakapiga. Nilihisi raha, nitasema ukweli. Nilihisi pesa zinatoka mlango wa mbele kwa mara ya kwanza.

Kisha nikamtazama Robai. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la Pasaka. Akaniitikia kwa kichwa.

"Kutoka kwa wageni wa kanisa! Mwalimu mkuu, Robai! Mshahara wa mwezi, shilingi mia tatu na hamsini!"

Pa. Pa.

La tatu lilipigwa na mtoto mmoja tu pale mbele, akabaki anaangalia mikono yake.

Matone yaliyobaki juu ya mabati yalikuwa yanadondoka mtu anasikia moja moja.

Baba Odhiambo ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza kama hiyo ni ya mwezi ama ya wiki. Nikasema ya mwezi. Akavua kofia akajikuna. "Na mimi nimeuza elfu mbili mtaa mzima," akasema. "Hasara imeniua." Watu wakacheka, na nikaona mabega ya Robai yakishuka kidogo, nikafikiri tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Alisimama Mama Anyango, yule anayefulia watu nguo huko maestate ya matajiri. Si mtu wa kelele. Alisema kiasi hakimsumbui, angepewa hata mara mbili yeye hana neno. Alichotaka kujua ni kwa nini alifichwa. Yeye alikuwa akifua mikono ikichubuka, anatoa akijua anampa mtu asiye na kitu, na kumbe aliye na kitu alikuwa akimwitikia asante. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama tu.

Robai alisimama. Nilimwogopea, nilidhani atasema juu ya ndugu zake, na ingekuwa kweli na isingetosha.

"Nilipenda vile mlikuwa mkiniangalia," alisema. "Hiyo ndiyo sababu, Mama Anyango. Sina nyingine nzuri."

Basi. Akakaa.

Mama Anyango aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa. Akamshika mtoto wake mkono, wakatoka. Mama mwingine akamfuata na wake wawili. Hakuna aliyewazuia, mimi pia sikuwazuia. Ningewaambia nini?

Mzee Ombima akaona nafasi, akainuka kusema kwamba kwa hivyo, kwa roho nzito, kamati inapendekeza mwalimu apumzike. Hapo sauti ikatoka nyuma ikiuliza na yeye mwenyekiti anapata ngapi. Akasema hapati kitu, ni nauli tu ya vikao. Ukumbi ukalipuka. Mzee anaishi ukuta mmoja na nasari, akikohoa kwake watoto wanamwitikia pole. Alikaa chini akaanza kufuta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

Nilicheka sana. Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Na nikiwa bado juu ya benchi nikicheka, Baba Odhiambo akaniambia, "Na ile themanini ya githeri, Mama Imali. Faida yako ni ngapi? Tusikie pia."

Kicheko kilienda wapi sijui.

Githeri ya Ijumaa ni yangu. Naipika hapa, naipeleka na mkokoteni, na nalipwa shilingi ishirini kila Ijumaa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na watu walidhani ninarudishiwa gharama tu. Sikuwahi kusema ni bure. Sikuwahi kusema si bure. Mahindi, maharagwe, kuni, kijana wa mkokoteni, yote nikitoa ninabaki na sita. Ni faida halali. Ningempikia mtu mwingine ningechukua kumi. Nina hoteli, sina mgodi.

Lakini haikutoka kama harambee. Nilifungua mdomo ikatoka sauti ya mtu anayeomba maji.

"Sita."

"Hatusikii," wakasema nyuma.

Robai alikuwa ananitazama. Si kwa ubaya. Kama vile anavyomtazama mtoto anayejua jibu na anaogopa kulisema. Nikakumbuka nimempandisha kwenye benchi hili bila kumuuliza kama anajua njia ya kushuka.

"Mama Imali, githeri ya nasari! Faida, shilingi sita kila Ijumaa!"

Wakapiga. Yote matatu. Baba Odhiambo akasema kwa sita hiyo angalau aone nyama siku moja ndani ya githeri, watu wakacheka, na hivyo ndivyo nilivyopona.

Waliinua mikono mwishoni. Robai abaki. Mshahara na matumizi yote yatangazwe kila muhula, ukumbini, mlango ukiwa wazi. Mwenyekiti aende kwa miguu. Mikono ilikuwa mingi, haikuwa yote. Nitakwenda kwa Mama Anyango wiki hii, peke yangu, bila sauti ya harambee. Sijui kama atanifungulia.

Tulipokuwa tunafunga ukumbi, Shem, ndugu yake Robai, alikuwa amesimama nje akingoja. Nilijua tu. Nilibaki karibu na mlango nikijifanya natafuta kufuli, nikiwa tayari kumfukuza kama ataanza habari za mabati. Robai mwenyewe alinyooka kama mtu anayengoja kofi.

Shem alikaa muda akichora matope na ncha ya kiatu.

"Dada, zile ishirini unanipa kila mwezi," akasema. "Zinatoka kwa hiyo mia tatu na hamsini?"

Robai akasema ndiyo, zinatoka hapo. Shem akauliza kodi yake ni ngapi, na nyumbani anatuma ngapi, na Robai akamwambia, moja baada ya nyingine, bila kushusha sauti. Nilimwona yule kijana akifanya hesabu kichwani, na hesabu ikimshinda. Alisema mwezi ujao asimpe. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu, kama amekula leo. Hakuwa amekula. Wakaondoka pamoja kutafuta chapati, Shem akitangulia akimwonyesha mawe ya kukanyaga ili gauni la bluu lisichafuke.

Mara mbili Robai aligeuka nyuma kunitazama. Mara ya pili akasema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba bado amenikasirikia na nisije kumwona kabla ya Jumatano. Nikamwambia nami pia nimemkasirikia, Jumatano ni sawa.

Nimetembea hadi Dagoretti Corner nikitabasamu kama mjinga.

Sasa nimekaa hapa, Imali amelala kwenye mikeka ya hoteli, mahindi ya kesho yameshaloweshwa. Najiuliza kama Robai angeniambia mwenyewe, siku moja, pale ukutani tulipokuwa majirani, bila wageni na bila pasta. Sidhani. Na mimi je, ningemwambia juu ya ile sita? Nimejiuliza mara kadhaa jioni hii na kila mara najibu haraka mno.

Wazazi wanataka nitangaze tena mwisho wa muhula. Nimekubali. Ila nitaanza na yangu.